Kitambaa cha Meza ya Bwana Kimegeuka Manjano na Dada Yangu Ndiye Anayelaumiwa

Kwako Mama Amondi wa ukurasa wa ushauri,

Salamu nyingi kutoka Embakasi. Nimekuwa nikisoma majibu yako kila Alhamisi tangu nilipoolewa na sikuwahi kudhani siku moja mimi ndiye nitakayeshika kalamu, lakini mambo yamenifika hapa shingoni na nikikaa nayo zaidi nitapasuka, kwa hivyo nakuomba unisome mpaka mwisho na unijibu gazetini upesi, kwa sababu barua za posta hukawia na Jumapili ya Matawi iko karibu, na siku hiyo nimepangiwa kusimama mbele ya kanisa zima niseme uongo.

Niite Wavinya, ingawa si jina langu, na hata hawa wengine nimewabadilisha majina. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa kwenye ploti nyuma ya mtaa wa Fedha na mume wangu Mwangangi, ambaye ni dereva wa lori. Kanisani niko katika kikundi cha akina mama na tangu mwaka juzi mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufua kitambaa cha Meza ya Bwana, kile cheupe kinachotandikwa chini ya mkate na divai. Mama Amondi, kwetu kazi hiyo haipewi mtu ovyo ovyo. Kitambaa kina karai lake ambalo halitiwi nguo nyingine, kina kamba yake, na anayekifua hatakiwi kuwa na kinyongo na mtu siku hiyo, hata kama jirani amemwaga maji machafu mlangoni pake. Mimi nilikuwa nakifua kinatoka kiking'aa mpaka pasta akisimama nyuma yake unaona shati lake limefifia, na nilijivunia, sikatai, kwa sababu kila mtu ana kitu kimoja anachokiweza na changu ni nguo nyeupe.

Sasa mwaka jana mwezi wa Septemba mdogo wangu Kalekye alipata mtoto bila mume. Huyo mwanamume aliposikia habari alihama nyumba bila kuaga, na mama yetu kule Machakos alikasirika akasema hataki kumwona, basi mimi nikamwambia Kalekye aje kwangu, nikamtandikia sebuleni, mtoto tukampa jina Wayua, na sijawahi kujuta hata siku moja. Lakini mwenyekiti wetu wa akina mama, nitamwita Mama Nangila, alinivuta kando baada ya mkutano akaniambia kwa sauti ya upole kwamba nyumba ya anayefua kitambaa haifai kuwa na mambo kama hayo. Nikamjibu kwamba hayo mambo yana wiki sita na yananyonya. Hakucheka. Tangu siku hiyo akinisalimia ananipa ncha za vidole.

Mwezi wa Januari, unajua jinsi mvua ilivyokataa, mfereji wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, ukakauka kabisa na mwenye ploti akatuunganishia maji ya kisima kwenye tangi, tukamshukuru maana tulikuwa tumechoka kubeba mitungi. Na ni mwezi huo huo kitambaa kilianza kunitia aibu. Mara ya kwanza nilikianua nikaona pindo limekuwa na rangi ya chai ya maziwa, nikadhani ni macho yangu. Nikatia jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Kikatoka manjano zaidi. Nikasema basi jiki haikutosha, nikakiroweka kutwa nzima kwa jiki nyingi mpaka vidole vikachubuka, na nilipokiinua, Mama Amondi, kilikuwa na mawingu ya rangi ya kutu kutoka ncha hadi ncha, na kadiri nilivyozidisha jiki ndivyo kilivyozidi. Nilikipeleka kanisani hivyo hivyo kwa sababu hatuna kingine. Mama Nangila hakungoja hata tuketi. Aliuliza mbele ya wanawake wote kama nimekuwa nikifua nepi za yule mtoto katika karai la kitambaa, nikaapa kwamba sijawahi, na ni kweli sijawahi, akasema Mungu ndiye anajua, na wengine wakaitikia.

Basi sikiliza nilichofanya, na hapa ndipo ninapoona haya. Mwisho wa mwezi huo Kalekye alienda Machakos na mtoto, maana mama yetu alikuwa amelainika na anataka kumwona mjukuu. Wiki hiyo hiyo mimi nikaenda soko la mitumba la Gikomba, nikachakura marobota mpaka nikapata shuka jeupe la pamba nzito, aina ile ya hotelini, nikalikata kwa kipimo cha kitambaa, nikalipinda kwa cherehani ya jirani na kushona msalaba mdogo mwekundu pembeni kama ule wa kile cha kanisa, nikalifua kwa maji niliyonunua, nikalipiga pasi na kulipeleka. Kile cha kweli nimekifunga kwa gazeti na kukiweka chini ya kitanda. Haki ya Mungu nilitaka tu kupata wiki mbili za kutafuta dawa ya yale manjano kisha nikirudishe, na sikudhani kuna mtu atasema kitu.

Kumbe. Mama Nangila alipokifunua aliinua mikono, akakishika juu wote wakione, akasema, "Mnaona? Dhambi imetoka katika nyumba, na kitambaa kimetakata." Wakapiga makofi, wakaimba. Mimi nimeketi pale nikitazama shuka la mitumba likisifiwa, na nilijua katika dakika ile kwamba nimemuuza dada yangu. Tumekula Meza ya Bwana juu ya shuka hilo Jumapili tano sasa.

Lingekoma hapo ningevumilia, lakini Kalekye amepata kibarua kiwandani kule Industrial Area, anaanza mara tu baada ya Pasaka, na kutoka kwangu anaweza kutembea kwa mguu kila asubuhi huku mimi nikibaki na mtoto. Ni kazi aliyoitafuta mwaka mzima. Mama Nangila akasikia, akaja mpaka nyumbani, akamkuta Mwangangi akinywa chai, akamweleza kwamba yule msichana akirudi kitambaa kitageuka tena, na baada ya kitambaa hatujui ni nini kitageuka, na yeye Mwangangi ni mtu wa barabarani. Akasema pia kwamba Jumapili ya Matawi nimepewa nafasi ya kutoa ushuhuda jinsi Bwana alivyotakasa kitambaa nilipoisafisha nyumba yangu. Na huyu Mwangangi, mtu anayeteremka na tani kumi bila kupepesa jicho, aliweka kikombe chini akaniambia, "Acha shemeji akae Machakos. Kitambaa kimesema."

Sasa mimi nakwambia wazi, sitatoa ushuhuda huo. Sitasimama mbele ya watu kutubu dhambi ya kumpa dada yangu mahali pa kulala, wanifukuze wakitaka, wachukue karai lao na kamba yao. Siku nyingine nafikiria kuhama kanisa bila kusema neno, na siku nyingine nafikiria nikubali kupanda pale mbele siku hiyo ya Matawi, nilikung'ute lile shuka hadharani niwaambie ni la Gikomba, wakajifunike. Lakini nikisema ni shuka, mimi ni mwongo wa madhabahu na mume wangu hatainua uso tena. Nikinyamaza, Kalekye anapoteza kazi na mtoto anakua akiambiwa yeye ndiye uchafu.

Na kuna jambo moja sijamwambia mtu. Kile kitambaa cha kweli nimekifua tena mara tano tangu Kalekye aondoke. Kalekye hayupo, mtoto hayupo, nepi hazipo, na bado kinatoka manjano. Kwa hivyo si yeye. Nimeanza kujiuliza kama ni mimi.

Nishauri mama.

Asiyetaka Kutubu,
Embakasi, Machi 1997


MAMA AMONDI ANAJIBU

Hapana, si wewe. Naanza na hilo ili upumue kidogo, maana nina mengi ya kukugombeza na sitaki uzimie katikati.

Ni maji. Umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako kisha ukayaruka: mfereji ukakauka, kisima kikaja, na mwezi huo huo kitambaa kikaharibika. Kabla gazeti hili halijanipa kiti, nilifua mashuka ya hospitali miaka kumi na minane, na mashuka ya hospitali hayana mchezo. Maji ya kisima mara nyingi yana chuma ndani yake. Ukiyatazama ni meupe, unayanywa, unapikia, huoni kitu. Lakini ukiyatia jiki, kile chuma kinageuka kutu palepale na kushika katika uzi. Wewe ulikuwa unaona manjano unaongeza jiki, jiki inazaa manjano, unaongeza tena. Umekuwa ukikipaka kitambaa cha Bwana kutu kwa bidii kubwa sana, mwanangu, na mtu aliyejisifu kwamba anaweza nguo nyeupe alipaswa kushtuka mara ya pili, si ya tano.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua glasi mbili. Moja tia maji ya ploti yenu, nyingine maji ya kununua ya mfereji. Kila moja tia kifuniko cha jiki, ziache kwa muda wa kupika chai na kuinywa. Ya kisima ikibadilika rangi, umempata mwenye dhambi.

Sasa dawa. Toa kile kitambaa chini ya kitanda leo. Kisuuze kwa maji mazuri mara tatu, mara nne, mpaka harufu yote ya jiki itoke, na hapa unisikilize vizuri: jiki na ndimu zisikutane kabisa, hewa yake inaweza kukukaba kifua. Kikishakuwa safi, kamulia ndimu kwenye yale mawingu, nyunyiza chumvi, kitandaze juani na ukiloweshe tena kwa ndimu kila kinapokauka. Suuza. Rudia kesho. Baada ya hapo ni sabuni ya kipande na maji ya mfereji au ya mvua ikija, ukichemshe katika sufuria isiyo na kutu, na maji ya mwisho utie bluu ya kufulia kidogo tu, kiasi cha maji kuonekana kama anga la asubuhi, si kama wino. Anika juani, si kivulini. Na hilo karai la bati mnaloliheshimu hivyo, ligeuze ulitazame chini. Kama limechubuka linatoa kutu lenyewe. Nunueni beseni la plastiki. Manjano yatapungua sana, labda yasiishe yote, kwa sababu umeyapika muda mrefu.

Nimemaliza kufua. Sasa njoo nikugombeze.

Lile shuka, Wavinya. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikavua miwani. Ulikuwa na kitambaa chenye doa na roho safi, ukaenda Gikomba ukanunua kinyume chake. Mama Nangila alikuwa na maneno tu, maneno ya mtu anayependa kuchungulia nyumba za wengine, na maneno hayo yangekauka. Wewe ndiye uliyempa ushahidi. Ulimshonea, ukampigia pasi, ukampelekea mikononi, na msalaba pembeni. Usiniambie ulitaka wiki mbili. Ungesimama siku ile aliyouliza habari ya nepi ukasema, "Kitambaa kimenishinda, nisaidieni," ungeona wangapi wangekuja na ndimu zao. Wako wanawake katika kikundi hicho wanaokaa ploti zenye kisima na nguo zao za shule zina manjano hayo hayo, na kila mmoja anaficha akidhani ni yeye peke yake.

Lakini nami sitakuambia utubu lile usilotenda. Kumtandikia dada yako sebuleni si dhambi katika kitabu chochote nilichosoma, na nimesoma kile wanachobeba kwapani. Mimi mwenyewe nilimzaa wangu wa kwanza bila mume, katika nyumba ya dada, huko Makongeni, na huyo mtoto leo ndiye anayenilipia nyumba. Yeyote anayesema mtoto wa miezi sita anaweza kuharibu weupe wa kitambaa kwa kulala nyumba moja nacho, huyo hajawahi kufua.

Kwa hivyo kuhama kanisa, hapana. Ukihama kimya kimya, ushahidi unabaki mezani na Kalekye anabaki na jina alilopewa. Na kukung'uta shuka mbele ya watu Jumapili ya Matawi, hapana pia, ingawa nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Watoto watakuwa wamekuja na matawi yao kuimba. Hiyo si siku yako.

Siku yako ni leo. Maana umebadilisha majina yote ukadhani umejificha, mama, lakini kitambaa cha Meza ya Bwana kilichogeuka manjano Embakasi hakina jina la kubadilisha. Uliniomba nijibu gazetini, nimejibu gazetini. Saa hii unaponisoma, kuna mtu mwingine nyuma ya Fedha ananisoma, na kabla ya sukuma wiki ya jioni kukatwa Mama Nangila atakuwa amesomewa. Basi wewe uwatangulie.

Anza na mume wako. Mwambie yote, shuka na Gikomba na kitanda, kabla hajaambiwa na mtu wa dukani. Atakasirika, mwache akasirike, kisha muulize swali moja tu: ukijaza rejeta ya lori maji ya kisima miezi mitatu, ukiifungua unakuta nini ndani? Dereva wa tani kumi analijua jibu hilo kuliko mimi na wewe. Akishajibu mwenyewe, usiongeze neno.

Ukitoka hapo nenda kwa pasta na vitambaa vyote viwili mkononi. Usianze na Mama Nangila, anza na pasta, na usianze na habari ya maji, anza na shuka. Sema, "Nilibadilisha kitambaa, nikawadanganya Jumapili tano, naomba mnisamehe." Hapo hakuna "lakini". Omba akina mama waitwe Jumamosi na uyarudie mbele yao, kwa sababu hao ndio uliowaacha wakaimba. Wakikunyang'anya kazi ya kufua, wape. Ni haki yao na itakuuma, na unastahili kuumwa kidogo.

Ukishamaliza kuomba msamaha, toa glasi zako mbili, ziweke mezani, tia jiki, na mngoje pamoja. Usihubiri. Usimtazame Mama Nangila. Acha waone kwa macho yao, waulizane wenyewe. Na mtu akisema pamoja na hayo yote bado unapaswa kutubu kwa ajili ya dada yako, hapo simama. Mwambie, "Kwa shuka nimewapigia magoti. Kwa Kalekye sipigi." Kisha uketi. Usipige kelele, usilie, usieleze mara ya pili.

Mama Nangila, najua nawe unasoma. Ulimwona mtoto mchanga ukatafuta doa. Ukashika shuka la mitumba Jumapili tano, ukalikunja kwa mikono yako, na hukutambua kwamba si kitambaa chako. Ningekuwa wewe ningeenda polepole na habari ya kutambua kilicho safi.

Na jambo la mwisho, Wavinya, ambalo ungelifanya kwanza kama mikono miwili ingetosha. Mtume mtu Machakos leo, kwa basi la mchana, amwambie Kalekye afungashe. Asingoje Pasaka. Asingoje manjano yatoke, asingoje Mwangangi apoe wala wanawake wapige kura. Jumapili asubuhi mwingie kanisani nyote, wewe na mume wako, watoto, na Kalekye na Wayua mgongoni, na msikae nyuma.